Samasoti ya nyuma ni kuruka juu, si kutupa kichwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na vijana, wazazi na walimu wa shule wa hapa Bagamoyo kuhusu jambo linaloonekana ufukweni karibu kila jioni, na zaidi katika likizo za Juni na Desemba. Watoto na vijana wanajifunza wenyewe kwa wenyewe samasoti ya nyuma, ile ya kusimama wima, kuruka, kupinduka hewani kinyumenyume na kutua kwa miguu pasipo mikono kugusa chini. Sisi ni wafundishaji wa sarakasi. Hatuandiki kuomba watoto wafukuzwe pwani. Mtoto akifukuzwa mchangani huenda kurukia kwenye sakafu ya saruji nyuma ya nyumba, ambako hakuna mtu mzima anayemwona. Tunachoomba ni kwamba anayetaka kujifunza afundishwe kwa mpangilio, maana mafundisho anayopata sasa kutoka kwa wenzake yamekosewa tangu neno la kwanza. Neno lenyewe ni "jitupe nyuma".

Mji wetu haukustahili kufika hapa. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kusomea sarakasi, na ujuzi waliorudi nao ukaenea nchini. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na leo, kikiwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), sarakasi bado inafundishwa humo. Ujuzi upo, umetuzunguka. Lakini mtoto wa darasa la sita anayeona video ya nusu dakika kwenye simu ya kaka yake haoni miezi ya kutengeneza mwili iliyoitangulia nusu dakika hiyo.

Tuanze na hesabu ndogo, kwa sababu ndiyo inayoeleza kila kosa litakalofuata. Kijana anayeweza kuinua kiuno chake sentimita 40 juu ya pale kinapokuwa akisimama kwa ncha za vidole hukaa hewani kama sekunde 0.57. Wa sentimita 30 hupata nusu sekunde. Wa sentimita 50 hupata sekunde 0.64. Ndani ya muda huo lazima ajikunje, amalize mzunguko mzima, ajikunjue na kutua. Akishaondoka ardhini hakuna tena cha kumwongezea muda wala nguvu ya mzunguko. Vyote viwili vimeshaamuliwa na miguu na mikono yake kabla vidole havijaachana na mchanga. Kitu pekee anachobaki nacho ni kujikunja: magoti yakisogea kifuani mzunguko unaongezeka kasi, akijikunjua unapungua. Mcheza ngoma anayezunguka hufanya vivyo hivyo anaporudisha mikono kifuani.

Sasa tazama kinachotokea kwa anayejitupa. Anakunja magoti, na kabla hayajanyooka anatupa kisogo nyuma ili aone aendako. Kichwa kikienda nyuma, mgongo unajipinda kama upinde. Mikono inayopaswa kupanda mpaka masikioni inaishia usawa wa mabega kisha inafunguka pembeni. Nyonga hazinyooki. Miguu inaondoka ardhini ikiwa bado imekunjwa nusu, na kile ambacho kingekuwa urefu wa sentimita 40 kinakuwa 15. Mwili unakwenda nyuma badala ya juu, chini kabisa, na kichwa ndicho kinachoongoza safari. Kijana anahisi kwamba hakuwa na nguvu ya kutosha, kwa hiyo mara ya pili anatupa kichwa kwa nguvu zaidi. Kosa linajilisha lenyewe. Ndiyo maana tunasema mwanafunzi asisikie kabisa maneno "jitupe nyuma". Aambiwe "ruka juu, macho mbele, leta magoti". Maneno sita hayo yanatosha kwa miezi miwili.

Kabla ya kuruka, mwili una mitihani yake, na hakuna hata mmoja unaohitaji kifaa. Wa kwanza ni wa ukuta. Mwanafunzi apake chaki vidoleni, asimame kwa ncha za vidole vya miguu, anyooshe mkono na kuweka alama, kisha aruke bila kukimbia na kuweka alama ya pili. Tofauti ikiwa chini ya sentimita 30, arudi kwenye kuchuchumaa na kuruka, kupanda ngazi na kuruka kamba, mpaka ifike. Wa pili ni kuruka magoti kifuani mara kumi mfululizo bila kupumzika. Hapa msimamizi aangalie kifua: magoti ndiyo yanayopanda kukifuata kifua, kifua kisiinamie magoti. Wengi hufika mara ya nne tu kisha mabega yanaanza kuanguka mbele. Huyo tumbo lake bado, alale chali, ainue mabega na miguu kidogo kutoka chini, mgongo wa chini ukiwa umegandamana na mkeka, akae hivyo sekunde 30. Wa tatu ni kusimamia mikono kwenye ukuta kwa sekunde 30, ili mabega na viganja vizoee kubeba mwili, kwa maana siku mzunguko utakapokosekana mikono ndiyo itakayofika chini. Wa nne ni kubingirika nyuma mkekani, mikono ikisukuma pembeni ya masikio ili uzito usikae shingoni. Anayebingirika nyuma huku shingo imebeba mwili mzima asiruhusiwe kwenda mbele hata kama mitihani mingine mitatu ameishinda.

Kuna zoezi moja la katikati tunalolipenda kwa wenye hofu ya kurudi nyuma, na hofu hiyo ni ya haki kabisa kwa mtu asiyeona aendako. Achuchumae, aweke kiganja kimoja chini nyuma yake, vidole vikitazama nyuma, kisha asukume nyonga juu na kupitisha miguu juu ya mkono huo mpaka atue upande wa pili. Mwili hauendi juu zaidi ya kiuno, mkono haubanduki chini, na akiishiwa njiani anakaa tu kwa tako. Baada ya mara hamsini au sitini za hivyo, kichwa kinaacha kuogopa kuwa chini.

Tuje kwenye mahali. Watu wengi hudhani mchanga ni godoro. Mchanga mkavu wa juu, ule unaozamisha mguu mpaka kifundoni, unakula nguvu ya kuruka: unasukuma, nao unakimbia chini ya mguu. Mchanga uliolowa ukakazwa na maji unarudisha nguvu vizuri lakini ukiuangukia ni mgumu. Tena mchanga laini una hatari ambayo mkeka hauna. Kichwa kikigonga mkeka huteleza, kikigonga mchanga laini huzama na kushikwa hapo hapo, na uzito wa mwili unaokuja nyuma yake unaishia kwenye pingili za shingo. Kwa hiyo tunahitaji michanga yote miwili, kila mmoja mahali pake: wa kurukia uwe mgumu, wa kutulia uwe umelimwa.

Pa kutulia palimwe kwa jembe, urefu wa mita 3, upana wa mita 2, kina cha sentimita 30 hadi 40, na mchanga upitishwe mikononi. Pwani ya karibu na soko la samaki ina ndoana, vipande vya nyavu, makombe na chupa. Kila baada ya miruko kama kumi mchanga huwa umeshagandamana, upinduliwe tena. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo ya kwanza kuachwa, kwa hiyo wapangwe wawili wa jembe tangu mwanzo. Juu yake litandikwe godoro la sponji la inchi 6 lililofungwa ndani ya turubai kwa kamba ya katani, kwa sababu godoro tupu huchanika na kifundo cha mguu hunaswa kwenye mpasuko. Magodoro mawili yakiwekwa ubavu kwa ubavu yashonwe pamoja. Mwanya wa katikati huvunja vifundo.

Pa kurukia pakiwa juu kidogo kuliko pa kutulia, mwanafunzi hupata muda zaidi. Chukua viroba sita vya kilo 50, jaza mchanga uliolowa, panga vitatu chini na vitatu juu yake, shindilia kwa miguu, funika kwa mkeka uliokazwa. Unapata jukwaa la karibu sentimita 40 ambalo haliyumbi. Kwa mwenye kuruka sentimita 35, kimo hicho kinamwongezea zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde hewani, na katika samasoti muda huo ni tofauti kati ya kutua kwa miguu na kutua kwa magoti. Asizoee sana lakini. Anayefanya mwezi mzima kwenye viroba hujifunza kuruka chini chini, kwa sababu jukwaa linamfanyia kazi ambayo mapaja yake yangefanya.

Tairi tuliache kwanza. Tunajua vijana huzika tairi la gari nusu mchangani na kulifanya chombo cha kujirushia, na kwa samasoti ya mbele ya waliobobea lina faida yake. Kwa anayeanza kwenda nyuma, tairi humrusha upande ambao mguu wake ulikanyaga, na mguu wa mwanzilishi haukanyagi mahali pamoja mara mbili. Tairi kubwa la lori lina kazi nyingine nzuri zaidi: lisimamishwe, wawili walishike, mwanafunzi alale chali juu yake na kuviringishwa taratibu nyuma mpaka mikono ifike chini. Mwili unajifunza njia bila kuruka.

Saa ya mazoezi isipangwe kwa saa ya ukutani, ipangwe kwa maji. Anza maji yanapokupwa. Ukanda wa mchanga uliokazwa unaendelea kupanuka, na hakuna anayeharakishwa na wimbi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji kwa kawaida hujaa karibu saa 10 jioni, kwa hiyo saa 11 na nusu uwanja unakuwa umeanza kufunguka. Kila siku inayofuata saa hiyo inasogea kwa kama dakika 50. Wavuvi wanalijua hili kuliko sisi, waulizwe. Na kwa kuwa bahari yetu iko mashariki, asubuhi mrukaji aelekeze uso nchi kavu: jua linakuwa mgongoni, mteremko mdogo wa ufuko unamwongezea kimo cha kutulia, na mbele yake ana mnazi wa kukazia macho. Jioni jua likiwa bado juu ya minazi litampiga machoni, basi asubiri lishuke.

Sasa washikaji, na hapa tunaomba tusomwe polepole. Mwanzilishi asiruke bila watu wawili wa kumshikia, mmoja kila upande, wenye kimo na nguvu zisizopungua zake. Mtoto wa miaka kumi hashikiwi na mtoto wa miaka kumi. Mshikaji wa upande wa kulia wa mrukaji anamtazama mrukaji ubavuni, amekunja magoti kidogo, na mguu wake uko nusu hatua nyuma ya mgongo wa mrukaji, kwa sababu huko ndiko mwili utakakokwenda. Kiganja chake cha kushoto kinakaa kiunoni kwa mrukaji, juu kidogo ya tako, kimefunguka, vidole pamoja. Mkono wa kulia unasubiri nyuma ya paja, chini ya tako. Wa upande wa kushoto anafanya hayo hayo kwa mikono iliyobadilishana. Mrukaji akipanda, mkono wa kiunoni unainua juu, wala hauvuti nyuma. Wa pajani unaingia kazini kitambo kidogo sana baadaye na kusukuma mapaja yapite juu ya kichwa. Miguu ikishapita, mkono wa kiunoni haubanduki, unamfuata mpaka chini, kwa sababu wengine huzunguka kupita kiasi na kuanguka kwa tako. Hakuna anayeachia mpaka nyayo zote mbili zimetulia.

Makosa ya washikaji ni machache na yanajirudia. Kushika fulana: inapanda mpaka kwapani na mtu anabaki hewani. Kushika mkono wa mrukaji: bega linatenguka, na mkono huo huo ndio uliopaswa kumpandisha. Kuinamisha uso juu yake ili kuona vizuri: magoti na visigino vinapita hapo hapo kwa kasi, na pua nyingi huvunjika hivyo. La mwisho ni kuchoka. Mshikaji aliyeinua watu kumi na watano mfululizo abadilishwe, hata akisema yuko sawa. Wengine hufunga kanga kiunoni kwa mrukaji na kuivuta kutoka pande mbili. Sisi hatuipendekezi, fundo huteleza na kanga hupanda mbavuni. Mkanda mpana wa nailoni wenye kamba pande zote ni salama, lakini usipokuwepo, viganja vinatosha.

Anayehesabu ni mrukaji mwenyewe, kwa sauti, na anaruka kwenye neno lile lile kila siku. Washikaji wakihesabu wao, kuna siku wataruka wao peke yao.

Mruko wenyewe uko hivi. Nyayo zimeachana kwa upana wa nyonga, vidole vinatazama mbele. Mikono iko juu, pembeni ya masikio, viganja vikitazamana. Macho yako kwenye alama moja ya mnazi iliyo usawa wa uso. Mikono inashuka mbele na kupita pembeni ya mapaja huku magoti yakikunjwa robo tu. Anayechuchumaa mpaka chini hupoteza nguvu ya kuruka, kwa kuwa akishafika chini anahitaji muda wa kurudi, na mikono yake imeshamaliza kazi. Visigino vinabaki chini, kifua kimesimama. Kisha kila kitu kinapanda pamoja: mikono kwa kasi yote iliyopo, imenyooka, mpaka masikioni, na hapo inasimama ghafla, nayo nyonga, magoti na vifundo vinanyooka mpaka ncha za vidole. Kwa kitambo kidogo mwili ni mstari mmoja ulio juu, na macho bado yanauona mnazi. Kitambo hicho ndicho wanaoanza wanachokikimbia.

Kutoka hapo, magoti yanavutwa juu kuelekea kifuani, na nyonga ndizo zinazopanda. Mikono inashuka kuyapokea, viganja vinakamata magoko chini kidogo ya magoti. Kichwa kinafuata mwili kama kilivyo, kidevu kimetulia, wala hakikandamizwi kifuani. Mnazi unapotea, inakuja mbingu, kisha macho yanaupata mchanga. Mchanga ukionekana vizuri, magoti yanaachiwa na miguu inanyooshwa kuutafuta. Kutua ni kwa nyayo nzima, upana wa mabega, magoti yakikunjika kupokea uzito, mikono mbele. Magoti yaachane. Anayetua yakiwa yamebanana, kifua kikiwa chini, hupigwa na goti lake mwenyewe kwenye jicho au kidevu, na ndimi hukatwa kwa meno namna hiyo. Kwa sababu hiyo pipi na ubani vitemwe kabla ya kuanza.

Mchanga una fadhila moja ambayo ukumbi wenye mikeka hauna: unaandika. Kabla ya kila mruko piga sehemu ya kurukia kwa ubao mpaka iwe laini, kisha baada ya mruko soma nyayo kabla hujasema neno na mwanafunzi. Ukikuta vidole vimechimba vishimo viwili vilivyo sawa, na mchanga haukurushwa popote, alisukuma chini, akaenda juu. Ukikuta mchanga umemwagika mbele ya vidole kama uliofagiliwa, alisukuma mbele ili aende nyuma. Hapo kichwa kilitangulia, hata kama yeye anaapa kwamba hakukitupa. Visigino vikiwa ndivyo vilivyozama, alilalia mgongo kabla ya kuruka. Unyayo mmoja ukiwa mbele ya mwingine, au umejipinda, ataanza kuzunguka ubavu, na huyo asiendelee siku hiyo mpaka ayaweke sawa katika miruko ya kawaida. Halafu soma nyayo za kutua. Mruko mzuri kutoka chini, pasipo jukwaa, hutua kama sentimita 30 mpaka nusu mita nyuma ya ulipoanzia. Mita nzima ni nyingi, huyo amesafiri. Vidole vimezama na kuna alama za viganja mbele yake: mzunguko haukukamilika, alijikunja kwa kuchelewa au alifungua mapema. Visigino vimezama na tako limeandikwa nyuma: amezidisha, achelewe kidogo kujikunja au aachie magoti mapema. Vijana wetu wakizoea kusoma nyayo wanaacha kubishana, na marekebisho ya dakika kumi yanakuwa ya dakika moja.

Simu nayo ifanye kazi hiyo hiyo. Iwekwe ubavuni, umbali wa mita 4 au 5, usawa wa kiuno, irekodi kwa mwendo wa polepole. Ukiisimamisha picha pale vidole vinapoachana na mchanga utaona kama mikono imefika masikioni na kama nyonga zimenyooka. Picha hiyo moja ina maana kuliko mruko mzima uliobaki.

Kosa linaloumiza kuliko yote si la nguvu wala la urefu. Ni kughairi hewani. Mtu anaruka vizuri kabisa, anafika nusu ya mzunguko, moyo unamruka, anaachia magoti na kujinyoosha. Nusu ya mzunguko maana yake kichwa kiko chini. Mzunguko unapungua kasi hapo hapo, na kinachofika mchangani kwanza ni kisogo au shingo. Angeendelea kuyakumbatia magoti, mzunguko ungembeba mpaka angalau afike kwa magoti na viganja, ambako kuna michubuko tu. Kwa hiyo kanuni tunayofundisha kabla ya nyingine zote ni kwamba ruhusa ya kughairi ipo mpaka mikono inapoanza kupanda, na mwanafunzi akighairi hapo asichekwe. Miguu ikishaondoka, ang'ang'anie magoti mpaka aone mchanga. Anayechekwa kwa kughairi chini ndiye atakayeghairi juu.

Washikaji wasiondolewe kwa mkupuo. Kwanza wawili wanainua. Kisha wawili wanagusa tu. Kisha mmoja anainua, kisha mmoja anagusa. Sisi hatumwachii mtu mpaka afanye miruko kumi safi chini ya mguso mwepesi, katika siku mbili tofauti, kwa maana mwili wa leo jioni si wa kesho asubuhi. Baada ya miruko kumi na tano hadi ishirini mapaja yanakuwa yameshachoka, na mruko wa ziada "wa kumalizia" ndio tunaouogopa.

Mavazi yawe ya kubana kiasi, mifuko mitupu, bila cheni wala hereni. Mabinti wanaojifunika wavae mtandio ulioshonwa kwa kuvalia kichwani, usiobanwa kwa pini. Usiruke ndani ya saa mbili baada ya mlo mzito. Katika Ramadhani mchana baki na kunyoosha viungo, miruko ingoje baada ya futari kushuka.

Kwa walimu wakuu na kamati za shule: mikeka miwili minene, jembe, viroba sita na watu wazima wawili waliofundishwa kushikia vinatosha kuanzisha kikundi cha watoto kumi. Kwa wazazi: mwanao akisema amejifunza samasoti, muulize nani alimshikia. Akijibu hakuna, nenda naye ufukweni kesho yake.

Na ikitokea mtu ameangukia kichwa au shingo, asiinuliwe. Asikalishwe, asinyooshwe shingo, asikandwe, asipewe maji. Mmoja apige magoti kichwani kwake na kukishika kwa viganja viwili pembeni ya masikio, kibaki kilivyokutwa. Aulizwe kama anahisi ganzi au kuchomwachomwa mikononi na miguuni, na kama anaweza kutikisa vidole. Hata akisema yuko mzima lakini shingo inauma katikati, atibiwe kama aliyevunjika. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114. Asipakiwe kwenye bodaboda wala kukunjwa ndani ya bajaji. Kama lazima ahamishwe, utafutwe ubao au mlango. Watu watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo, aliyeshika kichwa ndiye anayetoa amri, ubao uingizwe chini yake, na kanga mbili zilizoviringishwa zikae pande zote za kichwa. Ubao huo uwepo ufukweni kabla ya mruko wa kwanza, umeegemezwa kwenye mnazi juu ya alama ya maji kujaa, kwa sababu anayelala karibu na mstari wa maji yanayojaa hana muda wa kusubiri mtu aende mjini kutafuta mlango.

Wafundishaji wa sarakasi,
Bagamoyo, Pwani